Kuunda vitanzi vya lugha yako ya programu: mwongozo kamili

Maswali tunayoletewa na vijana wa Mombasa wanaotunga lugha zao za programu yanafanana. Hesabu zinakwenda, `kama` na `vinginevyo` zinakwenda, `andika` inakwenda. Ikifika zamu ya kitanzi, programu inagota bila kutoa neno, au inamwacha abiria wa mwisho, au inachapisha "Kongowea" mara tatu badala ya vituo vitatu tofauti.

Mara nyingi tatizo huanza kabla ya msimbo, kwenye maamuzi ambayo hayakufanywa. `hadi 10` inaihesabu 10 yenyewe? Jina la kitanzi linaishi mpaka wapi? Orodha ikiwa tupu, inakuwaje? Hapa tunayaamua hayo kwanza, kisha tunaonyesha pa kuyaweka.

## Vitu vya kuandaa

- Kompyuta yenye Python 3, au lugha nyingine unayoimudu kuandikia intapreta yako (programu inayoisoma na kuiendesha lugha yako).
- Lugha yako iwe tayari na namba, maandishi, orodha, vigeu (majina yanayobeba thamani), `kama` na funksheni. Kama funksheni bado, endelea, lakini Hatua ya 5 na ya 7 utazirudia.
- Kikata tokeni (sehemu ya intapreta inayoukata msimbo kuwa vipande viitwavyo tokeni) kinachokumbuka namba ya mstari ya kila tokeni. Kama hakikumbuki, kitengeneze leo. Bila hiyo Hatua ya 8 haiwezekani.
- Folda ya majaribio. Kila jaribio liwe na faili mbili: programu, na matokeo unayoyatarajia.
- Amri ya `timeout`, ambayo kwenye Linux huwa ipo tayari. Kitanzi kibovu hakifi chenyewe, lazima kiuliwe.
- Karatasi na kalamu.

## Hatua ya 1: Andika programu kumi kabla ya sarufi

Chukua karatasi uandike programu fupi kumi kwa lugha ambayo bado haipo. Kujumlisha bei za sokoni. Kuhesabu kurudi nyuma kutoka 10 hadi 1. Kumtafuta abiria kwenye foleni na kuacha ukimpata. Kuuliza namba ya siri mpaka iwe sahihi. Jedwali la kuzidisha, kitanzi ndani ya kitanzi. Kitanzi juu ya orodha tupu.

Chini ya kila programu andika matokeo yake, mstari kwa mstari. Usipoweza kusema programu yako itachapisha nini, basi bado hujaamua, na intapreta itaamua kwa niaba yako bila kukuuliza.

Umefaulu iwapo mtu mwingine anasoma programu zile kumi na kukuambia matokeo bila kukuuliza zaidi ya swali moja au mawili. Anapouliza, hapo ndipo pa kurekebisha.

## Hatua ya 2: Chagua vitanzi vitatu, usiongeze

Vitatu vinatosha:

```
kwa kila kituo katika vituo fanya
    andika(kituo)
mwisho

maadamu foleni > 0 fanya
    foleni = foleni - 1
mwisho

rudia
    siri = uliza("Namba ya siri: ")
mpaka siri == "4471"
```

Cha kwanza ni cha orodha na cha namba (`kwa kila i kutoka 1 hadi 10 fanya`). Cha pili hupima sharti kabla ya kuingia, kwa hiyo kinaweza kufanya kazi mara sifuri. Cha tatu hupima mwishoni, kwa hiyo mwili wake hufanyika angalau mara moja.

Usinakili kitanzi cha lugha ya C chenye sehemu tatu kwenye mabano. Swift ilikuwa nacho, ikakiondoa katika toleo la 3 mwaka 2016. Go kwa upande wake ina neno moja tu, `for`, linalobeba aina zote. Hiyo inawafaa watu waliokwisha jua kuprogramu. Anayeanza husoma neno la mwanzo wa mstari ili ajue anaingia wapi, na kwake maneno matatu tofauti ni msaada.

Utavutwa kuongeza `rudia mara 5`. Inapendeza kwa watoto, lakini ingoje toleo la pili.

## Hatua ya 3: Maneno

Watu wengi hufungua kamusi na kutafsiri maneno ya Python. Matokeo yake ni `vunja` na `endelea`, na yote mawili huleta matatizo.

`endelea` ndilo baya zaidi. Mwanafunzi akiiona katikati ya mwili wa kitanzi ataelewa kwamba programu iendelee na mstari unaofuata. Kazi yake ni kinyume kabisa: iache mistari iliyobaki, iende kwenye mzunguko unaofuata. Tumia `ruka`. Na badala ya `vunja` tumia `acha`. Usitumie `toka`, kwa sababu watu husema "toka Jumatatu" wakimaanisha "kuanzia", na tayari una `kutoka` kwenye vitanzi vya namba.

Kwa sharti la kujirudia tumechagua `maadamu` badala ya `wakati`. `maadamu` inabeba "kwa muda wote ambao hili ni kweli". `wakati` itakufaa baadaye kama jina la funksheni ya saa.

`hadi` na `mpaka` hubadilishana kwenye mazungumzo, kwa hiyo watumiaji wako watayachanganya. Yape kazi mbili tofauti: `hadi` kwa namba, `mpaka` kwa sharti la `rudia`. Kichanganuzi (sehemu inayozipanga tokeni kuwa mti wa sentensi) kikikuta `kutoka 1 mpaka 10` kisiseme tu "kosa la sintaksia". Kiseme: "Kwa namba tumia hadi."

Tenga maneno yote mapema, hata yale ambayo bado huyatumii: `kwa`, `kila`, `katika`, `kutoka`, `hadi`, `kabla`, `hatua`, `fanya`, `mwisho`, `maadamu`, `rudia`, `mpaka`, `acha`, `ruka`. Ukilitenga neno `hatua` mwaka ujao, kila programu iliyokuwa na kigeu kiitwacho `hatua` itavunjika.

## Hatua ya 4: Mipaka ya namba

Hapa tutakaa sana, kwa sababu makosa mengi yako hapa.

Je, mwisho unahesabiwa? Matatu ya kutoka Mtwapa hadi Kongowea inafika Kongowea. Duka la Jumatatu hadi Ijumaa liko wazi Ijumaa. Basi `hadi` lazima ijumuishe mwisho, hata kama `range` ya Python haifanyi hivyo. `kutoka 1 hadi 10` ni mizunguko kumi.

Hata hivyo orodha zikianza kuhesabiwa sifuri, utahitaji umbo la pili linaloishia kabla ya mwisho, la sivyo msimbo utajaa `urefu(x) - 1`. Liite `kabla ya`:

```
kwa kila i kutoka 0 kabla ya urefu(vituo) fanya
    andika(i, vituo[i])
mwisho
```

`ya` usilitenge kama neno kamili. Kichanganuzi kilitambue pale tu linapofuata `kabla`.

Mwisho ukiwa mdogo kuliko mwanzo? `kutoka 10 hadi 1` bila hatua: mizunguko sifuri, au kurudi nyuma? Kurudi nyuma kunaonekana werevu, na ni mtego. Lugha ya R hufanya hivyo: `1:0` inatoa 1 na 0. Mtu akiandika kitanzi kutoka 1 hadi urefu wa orodha, na orodha ikawa tupu, kitanzi kinazunguka mara mbili juu ya vitu ambavyo havipo. Chagua sifuri. Anayetaka kurudi nyuma aseme:

```
kwa kila i kutoka 10 hadi 1 kwa hatua -1 fanya
```

Hatua ikiwa sifuri ni kosa, na litolewe kabla ya mzunguko wa kwanza. Usiache kitanzi kizunguke milele.

Mipaka hupimwa lini? Mara moja tu, kabla ya kuanza. Mwili ukiongeza vitu kwenye orodha huku `hadi urefu(orodha)` ikipimwa upya kila mzunguko, kitanzi kinakimbiza mwisho wake mwenyewe.

Desimali. Toleo la kwanza lizikatae kwenye `kutoka`, `hadi` na `hatua`. Ukijumlisha 0.1 mara kumi kwa namba za desimali za kompyuta hupati 1, unapata 0.9999999999999999. Kitanzi cha `kutoka 0 kabla ya 1 kwa hatua 0.1` kilichojengwa kwa kujumlisha kitazunguka mara 11 badala ya 10. Ukikwepa kujumlisha na kugawanya kwanza, 0.3 ÷ 0.1 inatoa 2.9999999999999996, na ukiikata desimali unabaki na 2. Anayetengeneza jedwali la kina cha maji Kilindini kwa kila sentimita kumi aandike hivi, na atapata namba safi:

```
kwa kila i kutoka 0 hadi 10 fanya
    andika(i / 10)
mwisho
```

Hesabu ya mizunguko. Piga hesabu ya idadi kabla ya kuanza, kisha shuka nayo hadi sifuri:

```
idadi = sakafu((mwisho_wake - mwanzo) / hatua) + 1
```

`sakafu` hapa ni kushuka hadi namba kamili iliyo chini. Idadi ikiwa chini ya sifuri, ifanye sifuri. Kwa `kabla ya`, punguza mwisho kwa 1 kwanza (au uongeze 1 kama hatua ni hasi).

Tahadhari kwa wanaoandika intapreta kwa C, Java, Go au Rust: huko kugawanya namba kamili hukata kuelekea sifuri, hakushuki. Jaribu `kutoka 5 hadi 4 kwa hatua 3`. Ukishuka, -1 ÷ 3 ni -1, ukiongeza 1 unapata sifuri, sahihi. Ukikata, -1 ÷ 3 ni 0, ukiongeza 1 unapata mzunguko mmoja ambao haukutakiwa. Kagua mwelekeo kwanza, kisha ndiyo ugawanye. Python haina tatizo hili ukitumia `//`.

Faida ya pili ya kuhesabu idadi ni kwamba hulinganishi `i` na mwisho. Kama namba zako ni za biti 8 zisizo na hasi na mwisho ni 255, `i <= 255` ni kweli daima: baada ya 255, `i` inarudi sifuri na kitanzi hakiishi.

Umefaulu iwapo programu hizi sita zinatoa idadi hii ya mizunguko:

- `1 hadi 10`: 10
- `1 hadi 1`: 1
- `1 hadi 0`: 0
- `0 kabla ya 0`: 0
- `10 hadi 1 kwa hatua -3`: 4 (10, 7, 4, 1)
- `5 hadi 4 kwa hatua 3`: 0

## Hatua ya 5: Jina la kitanzi

Kwenye Kiingereza mtu huongeza herufi moja na kupata wingi, kwa hiyo orodha na kitu kimoja huwa na majina mawili bila shida. Kwetu inategemea ngeli. `kituo katika vituo` ni sawa, `embe katika maembe` ni sawa. Lakini samaki ni samaki, bei ni bei, na nyumba, tiketi, simu, chupa na meza ni hivyo hivyo. Mtumiaji wako ataandika hivi, tena bila kusita:

```
samaki = ["changu", "tafi", "kolekole"]
kwa kila samaki katika samaki fanya
    andika(samaki, urefu(samaki))
mwisho
```

Alitaka jina la samaki na idadi ya orodha, yaani 3. Kwenye mzunguko wa kwanza atapata `changu 6`, kwa sababu ndani ya mwili `samaki` sasa ni neno "changu" lenye herufi sita. Hakuna kosa lililotolewa. Jibu si sahihi na programu inaendelea kwa furaha.

Ushauri wetu ni kukataa. Kanuni: jina la kitanzi lisiwe jina ambalo tayari lipo ndani ya funksheni hiyo hiyo. Ujumbe wa kosa utoe njia: "Jina samaki tayari linatumika. Ipe orodha jina jingine, mfano samaki_wote." Desturi hiyo (`samaki_wote`, `bei_zote`, `nyumba_zote`) inasomeka vizuri kuliko `orodha_ya_samaki`, na huzoeleka haraka.

Vitanzi viwili vinavyofuatana vyote vinaweza kutumia `i`, kwa sababu cha kwanza kikiisha jina lake linakufa. Kilichokatazwa ni `i` ndani ya `i`.

Kanuni tatu zaidi:

Jina halibadilishwi. `i = i + 1` ndani ya `kwa kila` iwe kosa. Anayetaka kubadilisha atumie `maadamu`.

Jina haliishi baada ya `mwisho`. Vinginevyo utalazimika kueleza lina thamani gani iwapo kitanzi kilizunguka mara sifuri, na hakuna jibu zuri.

Kila mzunguko una kigeu kipya. Usitengeneze kigeu kimoja unachokibadilisha thamani. Tofauti huonekana pale funksheni inapotengenezwa ndani ya kitanzi:

```
vitendo = []
kwa kila kituo katika ["Mtwapa", "Bamburi", "Kongowea"] fanya
    ongeza(vitendo, funksheni() andika(kituo) mwisho)
mwisho
```

Ukiziita funksheni hizo tatu baadaye na kigeu kilikuwa kimoja, zote zitaandika Kongowea. C# ilikibadilisha kitanzi chake cha orodha kwa sababu hii mwaka 2012 katika toleo la 5, na Go ikafuata mwaka 2024 katika toleo la 1.22. Kubadilisha lugha yenye watumiaji wengi ni kazi nzito. Yako bado haina watumiaji, fanya sahihi sasa. Kwenye intapreta inayotembea juu ya mti (inayoendesha moja kwa moja mti uliojengwa na kichanganuzi) ni mstari mmoja: tengeneza mazingira mapya (mahali pa kuhifadhia vigeu) ndani ya mzunguko, si nje yake.

Onyo kuhusu orodha inayobadilika. Mtu akiondoa "tafi" huku kitanzi kinaisoma orodha, "kolekole" inasogea kwenye nafasi ya tafi, kitanzi kinasonga mbele, na kolekole haionekani kamwe. Unaweza kunakili orodha nzima kabla ya kuanza, lakini orodha ya vitu milioni moja itanakiliwa bure. Njia tunayoipendelea: kila orodha iwe na kihesabu cha vitanzi vinavyoisoma. Kitanzi kikianza, ongeza moja. Kikiisha, punguza moja. Kuongeza au kuondoa kitu wakati kihesabu si sifuri ni kosa. Kihesabu kishuke kwa njia zote za kutoka: mwisho wa kawaida, `acha`, `rudisha` (kutoka kwenye funksheni), na kosa lililotokea katikati. Kwenye Python weka kwenye `finally`. Ukisahau njia moja, orodha itabaki imefungwa na mtumiaji hatajua kwa nini.

## Hatua ya 6: Tokeni na sarufi

Anza na kikata tokeni. Andika `ng'ombe_wote` na uone kinachotokea. Kama lugha yako inaruhusu maandishi kwa alama moja ya kunukuu, kikata tokeni kitaona `ng`, kisha kitafungua maandishi yasiyofungwa mpaka mwisho wa faili. Vivyo hivyo kwa `ng'ambo`, na hapa kisiwani neno hilo halikosi kwenye programu ya abiria wa feri ya Likoni.

Kanuni mbili zinamaliza tatizo:

1. Maandishi yafunguliwe kwa alama mbili za kunukuu pekee.
2. Alama ya `'` iruhusiwe ndani ya jina iwapo imetanguliwa na `ng` na kufuatwa na herufi.

Simu nyingi hugeuza alama hiyo kuwa ya kupinda, ambayo kwa kompyuta ni herufi nyingine (U+2019 badala ya U+0027). Zigeuze ziwe moja kabla ya kukata tokeni, ama sivyo `ng'ombe` iliyoandikwa kwenye simu na ile ya kompyuta zitakuwa vigeu viwili tofauti. Alama za kunukuu zilizopinda (U+201C na U+201D) zinahitaji huruma hiyo hiyo.

Sasa sarufi (`|` ni "au", `*` ni mara sifuri au zaidi, `[ ]` ni hiari):

```
kitanzi  := "kwa" "kila" JINA chanzo "fanya" sentensi* "mwisho"
          | "maadamu" usemi "fanya" sentensi* "mwisho"
          | "rudia" sentensi* "mpaka" usemi
chanzo   := "katika" usemi
          | "kutoka" usemi kikomo [ "kwa" "hatua" usemi ]
kikomo   := "hadi" usemi | "kabla" "ya" usemi
```

Kwa nini `fanya`? Bila kitu cha kufunga kichwa cha kitanzi, kichanganuzi hakijui usemi umeishia wapi. `hadi n` ikifuatiwa na mstari unaoanza na `(` husomeka kama kuita funksheni `n`. Mstari ukianza na `[`, husomeka kama kuchukua kitu ndani ya `n`. Mabano ya `{` nayo hayakuokoi kama lugha yako ina kamusi (data inayooanisha majina na thamani) za `{}`. Go na Rust zote zina kanuni maalumu kwenye kichwa cha kitanzi kwa sababu hiyo. `fanya` haina utata, na mwenye simu hahitaji kubadilisha ukurasa wa kibodi kutafuta `{`.

Nafasi za mwanzo wa mstari, kama Python, tusingezichagua hapa. Msimbo unaotumwa kwa ujumbe na kubandikwa tena unaweza kupoteza nafasi hizo, na hapo programu nzima imekufa.

Kuhusu `kwa` mbili. Neno hili liko mwanzoni mwa kitanzi na pia kabla ya `hatua`. Ukilikuta baada ya kikomo, tazama tokeni moja mbele. Likifuatwa na `hatua`, ni sehemu ya kichwa. Likifuatwa na `kila`, mtumiaji amesahau `fanya`, na mwambie hivyo.

Kuhusu `rudia`. Sharti la `mpaka` liko nje ya mwili au ndani yake? Likiwa nje, `siri` iliyozaliwa ndani ya mwili haionekani na mfano wa Hatua ya 2 unashindwa. Likiwa ndani, `ruka` inaweza kurukia sharti kabla `siri` haijazaliwa. Acha sharti liwe ndani, kisha kataza `ruka` iliyoandikwa juu ya mstari wa kwanza unaozaa kigeu kinachotumika kwenye sharti.

## Hatua ya 7: Utekelezaji

Njia ya mkato ni kugeuza `kwa kila` kuwa `maadamu` ndani ya kichanganuzi:

```
i = 1
maadamu i <= 10 fanya
    # mwili wa mtumiaji
    i = i + 1
mwisho
```

Inafanya kazi mpaka mtumiaji aandike `ruka`. `ruka` inarudi juu kupima sharti, inaipita `i = i + 1`, na `i` inabaki pale pale milele. Kama lugha yako inagota kila ukitumia `ruka`, anza kutafuta hapa. Dawa: `kwa kila` iwe na nodi yake kwenye mti, na `ruka` irukie sehemu ya kusogeza, si sehemu ya sharti.

Kwenye intapreta inayotembea juu ya mti, `acha` na `ruka` hufanywa kwa kurusha ishara mbili tofauti. Ishara ya `ruka` idakwe ndani ya mzunguko, ikizunguka mwili peke yake. Ishara ya `acha` idakwe nje, ikizunguka kitanzi kizima. Ukizibadilishana, `ruka` itamaliza kitanzi na `acha` haitamaliza chochote.

Kwa wanaotoa baitikodi (maagizo mafupi badala ya mti): unapokutana na `ruka` hujui bado anwani ya sehemu ya kusogeza. Weka orodha ya miruko inayosubiri, uijaze ukifika. Kabla ya kuruka, toa kwenye staki (rundo la thamani za muda) vigeu vilivyozaliwa ndani ya mwili. Ukivisahau, staki inakua kidogo kila mzunguko na programu inaanguka baada ya muda, mbali na mahali kosa lilipo.

`acha` isiyo ndani ya kitanzi ikamatwe na kichanganuzi, kabla programu haijaanza. Weka kihesabu cha kina: ongeza ukiingia kitanzi, punguza ukitoka. Ukiingia funksheni, kihifadhi na ukifanye sifuri, kisha kirudishe ukitoka. Bila hivyo, `acha` ndani ya funksheni iliyoandikwa ndani ya kitanzi itapita kichanganuzi na kulipuka wakati wa kuendesha.

Kutoka kwenye vitanzi viwili. Lugha nyingi huongeza lebo. Wewe huhitaji, kwa sababu Hatua ya 5 imehakikisha majina ya vitanzi vilivyopandana hayafanani. Tumia jina lenyewe:

```
kwa kila kituo katika vituo fanya
    kwa kila abiria katika abiria_wote[kituo] fanya
        kama abiria == anayetafutwa basi
            andika(kituo)
            acha kituo
        mwisho
    mwisho
mwisho
```

`acha` peke yake humaliza cha ndani. `acha kituo` humaliza cha nje. Jina liwe kwenye mstari mmoja na `acha`, ama sivyo kichanganuzi kitameza neno la kwanza la sentensi inayofuata.

## Hatua ya 8: Ujumbe wa makosa

Kosa litakaloonekana kuliko yote ni `mwisho` uliosahauliwa. Kichanganuzi hugundua kikiwa mwisho wa faili, na kusema "mstari wa 212" hakumsaidii mtu ambaye kitanzi chake kiko mstari wa 14. Ukifungua kitanzi, hifadhi tokeni iliyokifungua. Ukikosa `mwisho`, sema: "Kitanzi cha kwa kila kilichoanza mstari wa 14 hakina mwisho."

Kuna la pili: mtumiaji huandika `kwa kila i katika 10`, akikusudia mizunguko kumi. Usibuni maana. Sema: "10 ni namba, si orodha. Je, ulitaka kutoka 1 hadi 10?"

## Hatua ya 9: Majaribio

Endesha kila jaribio chini ya kikomo cha muda:

```
timeout 2 python3 intapreta.py majaribio/ruka.prg
```

Muda ukiisha, `timeout` hurudisha 124. Namba hiyo ikionekana una kitanzi kisichoisha, na namba nyingine isiyo sifuri ina maana programu imeanguka kwa sababu tofauti. Usichanganye hizo mbili kwenye ripoti yako.

Pamoja na sita za Hatua ya 4, hakikisha una hizi: orodha tupu; orodha ya kitu kimoja; `ruka` kwenye mzunguko wa kwanza na wa mwisho; `acha` kwenye mzunguko wa kwanza; `rudisha` ndani ya kitanzi kilicho ndani ya funksheni, kisha orodha ile ile iongezwe kitu baada yake; funksheni tatu za vituo; `samaki katika samaki`; `ng'ombe` kwa alama zote mbili.

Jaribu pia matawi ambayo hayasogezi chochote. Tarehe 31 Desemba 2008 vicheza muziki vya Zune vya GB 30 viliganda, kwa sababu kitanzi cha kugeuza siku kuwa mwaka kilikuwa na tawi la mwaka mrefu lisilopunguza siku zikiwa 366 kamili. Siku yoyote nyingine kilifanya kazi. `maadamu` yako haiwezi kumzuia mtumiaji kuandika kitu kama hicho, lakini intapreta yako inaweza kukubali Ctrl-C na kumwonyesha mstari wa kitanzi kilichokuwa kinazunguka alipobonyeza. Jaribu hilo kwa mkono: andika `maadamu kweli fanya mwisho`, bonyeza, na usome kilichotoka. Kama ni kurasa mbili za makosa ya Python yenyewe, rudi Hatua ya 8.